Kupeleka gari Mlima Kenya: kazi ngumu ni kushuka

Wapandaji wa Nairobi wakianza kupanga safari ya Mlima Kenya, swali la kwanza kuhusu gari huwa ni kama litafika kambini. Ni swali la haki, ila gari likishindwa kupanda hasara yake ni ndogo: mnateremka, mnagawana mizigo, mnatembea. Likishindwa kushuka ndipo watu huumia. Ndiyo maana hapa nitazungumzia mteremko kuliko mwinuko, na nitaanzia gereji, kwa sababu kasoro inayokuja kuwaangusha mlimani huwa imetoka nanyi Nairobi.

Chukua njia ya Sirimon. Lango liko mita 2,650 hivi juu ya usawa wa bahari, na kambi ya Old Moses iko mita 3,300. Kati yake kuna barabara ya kilomita 9. Gari la tani mbili na nusu, watu na mizigo ikiwemo, linaposhuka mita hizo 650 huachilia nishati ya karibu megajuli 16, na yote lazima igeuke joto mahali fulani. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 50 za maji ya bomba. Ukiiachia breki kazi hiyo peke yake, joto lote linaingia kwenye vipande vinne vya chuma vyenye uzito wa kilo chache kila kimoja. Ukiiachia injini, linatawanyika kwenye oili, kwenye rejeta na kwenye ekzosi, sehemu ambazo zimeundwa kukaa na joto siku nzima. Njia ya Naro Moru haina nafuu: kutoka kambi ya Met Station, mita 3,050, hadi langoni, mita 2,400, ni kimo kilekile kwa kilomita kumi hivi. Chogoria ndiyo ndefu kuliko zote. Kutoka lango la mbuga, mita 2,950, hadi mjini ni takriban kilomita 30 za msitu na mianzi, na kimo cha kushuka ni mara mbili ya zile nyingine.

Breki hukataa kwa namna mbili, na dereva anapaswa kuzitofautisha kwa mguu wake. Ya kwanza, pedali inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, lakini gari halipungui mwendo. Hapo padi zimepata joto kupita kiwango zilichotengenezewa, uso wake umeungua ukang'aa, hazishiki tena diski. Dawa yake ni kupunguza mwendo kwa gia, kusimama mahali salama na kuziacha zipoe. Ya pili ni mbaya zaidi: pedali inalainika, kisha inazama hadi sakafuni. Mafuta ya breki yamechemka ndani ya silinda za magurudumuni na mvuke umeingia kwenye paipu. Mafuta hayabanwi, mvuke hubanwa. Kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kubana mvuke na haifiki kwenye padi.

Hii ya pili huzuilika kwa chupa moja ya mafuta mapya. Mafuta ya breki huuzwa kwa madaraja, yameandikwa kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya maji. Na kunyonya maji ni tabia yake hata gari likiwa limeegeshwa, kwa kuwa unyevu hupenya polepole kwenye mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kopo. Baada ya miaka miwili ni ya kumwaga. Kama gari lako liliingia nchini likiwa limeshatumika Japani na hujawahi kubadilisha mafuta hayo, basi hujui umri wake, na kwa safari hii kutojua kunatosha kuwa sababu ya kubadilisha.

Lita moja hutosha gari kubwa la kawaida. Nunua chupa yenye muhuri ambao haujafunguliwa. Fundi akikuletea chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji, ikatae hata kama ni ya bure. Kazi inaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali; kwa magari yetu yenye stia upande wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na la mwisho mbele kulia. Magari mapya yenye breki za umeme yana utaratibu wake kwenye kitabu, ufuateni huo. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga unachomekwa kwenye nati ya kutolea hewa na ncha yake nyingine inazamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi anakanyaga pedali polepole, fundi anafungua nati, mafuta ya rangi ya chai yanatoka, nati inafungwa, ndipo pedali inaachiliwa. Mguu ukiachia kabla nati haijafungwa, hewa inanyonywa ndani na mnaanza upya. Endeleeni hadi mafuta yatoke meupe bila povu, na kopo la juu lisiachwe likauke hata mara moja.

Gari likiwa bado juu ya jeki, tazameni padi. Mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3 au 4 zitakufikisha kazini na kukurudisha wiki nzima, lakini kwa mlima zibadilishe, maana padi nyembamba hupitisha joto haraka zaidi hadi kwenye mafuta. Fungua dramu za nyuma pia. Silinda ndogo ya dramu inayovuja huacha unyevu mweusi kwenye vumbi la breki, na mafundi wengi huipita kwa sababu kufungua dramu kunachukua muda. Pindeni mipira ya breki kwa vidole. Ikionyesha nyufa, ni ya kutupa.

Kisha pimeni servo, kifaa kinachousaidia mguu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hapohapo, halafu washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, servo au mpira wake una tatizo. Kipimo hiki kina uzito zaidi kwa anayekwenda mlimani, kwa sababu servo ya kawaida hutegemea tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na ombwe la ndani. Old Moses hewa ina shinikizo la theluthi mbili hivi ya lile la pwani. Msaada wa servo unapungua hata ikiwa nzima, na pedali inakuwa nzito kuliko uliyoizoea Thika Road. Dereva asiyejua hilo hudhani breki zimekufa na kuanza kupapatika. Servo iliyochoka hushuka chini kabisa ya hapo.

Rejeta nayo ina jambo lake. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi hapa Nairobi, lakini kwenye mita 3,300 huchemka kwenye 89, joto ambalo injini hufanyia kazi kila siku bila kulalamika. Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho kikishikilia shinikizo lake hulisukuma joto la kuchemka kupita nyuzi 110. Kifuniko chenye mpira uliokauka kinaweza kukutumikia mjini mwaka mzima usijue kimekufa, halafu kikakusaliti kwenye kilomita ya sita ya Sirimon. Ni spea rahisi, nunua kipya chenye namba ileile ya shinikizo iliyoandikwa juu yake. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji; usiku kambini baridi hufika chini ya sifuri, na maji matupu yakiganda yanapasua rejeta. Geji ikipanda njiani, zima eisi, fungua hita mpaka mwisho, simama ukiangalia upepo unakotoka, na injini iache ikiunguruma kwa mwendo wa chini mradi maji hayajamwagika. Kifuniko chenyewe usikiguse mpaka uweze kushika bomba la juu la rejeta kwa kiganja.

Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Dizeli ya zamani itatoa moshi mweusi. Maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na kukanyaga zaidi kunaongeza moshi na joto tu. Rudisha gia chini, usikanyage zaidi.

Sasa fowili, yaani magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Magari ya kawaida kama Probox, Fielder na Noah yaacheni langoni. Kilomita 9 za kutembea zinausaidia mwili kuzoea kimo kuliko zinavyouchosha, na sioni sababu ya kubishana na barabara ile. Kwa wenye fowili, kosa linalorudiwa sana ni la magari ya zamani yenye vifungo vya mkono kwenye habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu. Dereva anavuta mkono wa 4L (fowili ya gia za chini) ndani, anahisi gia imeingia, anaondoka, na matairi ya mbele hayavuti chochote kwa sababu habu bado ziko FREE. Shukeni langoni, zungusheni habu zote mbili hadi LOCK, kisha mtu mmoja achuchumae pembeni atazame gari likisogea mita mbili tatu: shafti ya mbele izunguke na tairi la mbele livute. Ni dakika moja. Kwenye mteremko jambo hili lina uzito uleule, maana habu zikiwa wazi injini inazuia magurudumu ya nyuma peke yake, na unaposhuka uzito wote umeshahamia mbele.

Mizigo ya juu ya keria ipunguzwe. Kamba, mahema na mifuko ya kulalia inaweza kukaa juu. Vyuma vya kupandia, chakula cha makopo na majerikeni ya maji yakae ndani, chini, nyuma ya viti. Kwenye barabara iliyoinama kuelekea bondeni, kila kilo ya juu ni hatua moja kuelekea kubingirika. Kitabu cha gari kinataja uzito wa mwisho wa keria, na mara nyingi ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri.

Tuseme mmepanda, mvua imenyesha, na injini ikazima katikati ya mwinuko. Sekunde zinazofuata ndizo huamua, na wengi hufanya mambo mawili yaleyale: wanakanyaga klachi, gari linaanza kurudi nyuma, kisha wanakata stia ili kugeuza. Gari lililokaa kingamo kwenye mteremko wa tope huangukia ubavu. Utaratibu salama ni huu. Mguu kwenye breki, papo hapo. Hendibreki juu. Mtu anayetembea na kabari aweke mawe nyuma ya matairi akitokea ubavuni, mkono wake usiingie chini ya tairi, wala asisimame upande wa bondeni hata kidogo. Ndipo ukanyage klachi, uingize rivasi ukiwa bado kwenye 4L, na uiachilie klachi yote, polepole, hadi juu. Sasa gari limeshikwa na injini yenyewe. Hakikisha matairi ya mbele yamenyooka. Toa kichwa uangalie, usikisie. Kabari zikishaondolewa na watu wakishasogea, achilia hendibreki, punguza mguu kwenye breki, kisha washa ufunguo likiwa ndani ya gia. Starta italisukuma, injini itashika, na gari litarudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea bila wewe kukanyaga chochote.

Magari mengine hayakubali kuwaka mpaka klachi ikanyagwe. Hayo yawashe ukiwa umeshikilia breki zote mbili, weka rivasi, iachilie klachi kabisa, na breki ya mguu iwe ya mwisho kuachiliwa. Otomatiki: breki ya mguu na hendibreki, weka P, washa, weka R kwenye 4L, achilia taratibu. Kwa magari yote, ukirudi nyuma hivyo usipige breki ghafla. Uzito uko nyuma, matairi ya mbele yameelea. Breki ikibana, ya mbele yanajifunga, stia haina kazi tena, na pua ya gari inateleza kuja ubavuni. Yakianza kujifunga, achilia breki. Ukihitaji kupunguza mwendo, mguso mwepesi unatosha.

Asubuhi ya kushuka mpango uwe tofauti na wa kupanda. Kabla gari halijaondoka kambini, breki ya mguu ijaribiwe mahali tambarare. Abiria wa ziada washuke kwa miguu sehemu mbaya. Simameni juu ya mteremko, wekeni 4L na gia ya kwanza au ya pili kabla ya kuanza. Katikati ya mteremko si mahali pa kutafuta gia, kwa sababu ukikanyaga klachi huko gari linakuwa halina kizuizi ila breki, na gia ikikataa kuingia umebaki nyutro. Madereva wa zamani wana kipimo chao: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, au moja chini yake. Kwenye otomatiki D haifai, itapanda gia yenyewe kadiri mwendo unavyoongezeka; weka L au 1 na 4L.

Magari mapya yana kitufe cha kusaidia kushuka. Ni kizuri kwenye vipande vifupi vya mawe, lakini kumbukeni kwamba kinafanya kazi kwa kubana breki, gurudumu moja moja. Joto linakwenda palepale. Ukikitegemea kilomita nzima nzima ukiwa kwenye D, unachoma breki bila mguu wako kujua. Gia ya chini kwanza, kitufe baadaye.

Breki ya mguu itumike kwa mikupuo: bana vizuri, mwendo upungue, achilia kabisa, acha hewa ipite. Mguu unaokaa juu ya pedali kwa mkao mmoja wa kubembeleza ndio unaochemsha mafuta. Kwenye tope jekundu la Chogoria, hasa kati ya Machi na Mei au Oktoba hadi Desemba, usiguse breki ukiweza. Nyuma ya gari ikianza kuja mbele, mkono wa mtu hutaka breki. Upe mguu kazi nyingine, ongeza mafuta kidogo sana hadi matairi yazunguke sawa na kasi ya ardhi, yashike, kisha urudishe. Na mkikutana na gari linalopanda mahali pembamba, anayeshuka ndiye anayesubiri, kwa kuwa anayepanda akisimama huenda asiondoke tena.

Harufu ya kitu kinachoungua ikiingia ndani, simama. Nusu saa ya kupoa. Maji usimwage juu ya diski, chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Wala usitegemee hendibreki wakati huo: vyuma vikipoa hunywea, na hendibreki iliyokuwa imebana inaweza kulegea baada ya dakika kumi nanyi mko nje mnapiga picha. Gia ndani, kabari mbele ya matairi, na matairi ya mbele yakatwe kuelekea ukingo wa juu. Land Rover za zamani zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hendibreki yao hushika shafti na haishiki magurudumu. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, difu, gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu, inaliruhusu lizunguke hewani na lile lililo chini libingirike. Gari linaondoka likiwa na hendibreki juu. Funga difu ya kati, weka kabari pande zote, ndipo uguse jeki.

Na pedali ikizama kweli? Pampu, haraka haraka, mara nyingine shinikizo hurudi kidogo. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta hendibreki kwa vipande huku kidole kikiwa kwenye kitufe chake, ili uweze kuiachilia nyuma ikianza kuteleza. Injini isizimwe na nyutro isiguswe. Vyote vikishindwa, chagua upande wa mlima: uparuze ubavu wa gari kwenye ukuta wa udongo au kichaka, mapema, mwendo ukiwa bado mdogo. Bati hunyooshwa. Wanaosubiri kuona kama mteremko utaisha hufika konani wakiwa na kasi ambayo ukuta hauwezi kuimaliza.

Gari likiingia mtaroni, wote washuke upande wa juu. Laifseva, zile pembetatu za kuonya, ziwekwe mbali kwenye barabara, juu na chini. Kisha kaeni kwanza mtazame, kwa maana matairi yakizungushwa bure yanachimba kaburi la ekseli. Toeni upepo hadi psi 18 au 20, chimbeni tope lililo mbele ya kila tairi na lililo chini ya difu, tandikeni mawe au mbao za kukwamulia. Matawi mabichi msikate, mko ndani ya hifadhi. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri iwepo ya kurudishia upepo, kwa kuwa tairi la psi 18 halifai lami.

Kuvuta ndiko kunakoua wasaidizi. Mkanda wa kunyumbuka wa mita 9 wenye kiwango cha kukatika cha tani 8 hadi 11 unafaa magari ya tani mbili na nusu hadi tatu. Shakeli, pingu za chuma za kuunganishia mkanda na gari, ziwe za tani 4.75; ikishakazwa, pini irudishwe robo mzunguko ili isigande. Ncha zifungwe kwenye ndoano zilizofungwa kwenye chasi. Bampa haifai, na ile tufe ya kuvutia trela haifai kabisa: ikikatika inaruka kama risasi na kupita kwenye kioo cha gari la pili. Tandaza koti zito au gunia lenye udongo katikati ya mkanda au waya. Kila asiye dereva asimame mbali kuliko urefu wa mkanda mara moja na nusu, upande, kamwe si kwenye mstari wa kuvutia. Winchi ya pauni 9,500 huvuta kilo 4,300 hivi, na ni kwenye safu ya kwanza tu ya dramu. Toa waya mwingi, bakiza mizunguko mitano, au tumia puli ambayo karibu inaongeza nguvu mara mbili. Kwenye mti tumia mkanda mpana, waya usizungushwe kwenye gome.

Gari lililoning'inia ukingoni lina sheria yake. Kamba ya kwanza ni ya kulishikilia upande wa juu lisibingirike, kwenye mti au gari jingine. Ya pili ndiyo ya kuvutia, na huvuta kufuata alama za matairi lilikoingilia. Hakuna mtu chini yake, hata wa kuangalia. Kama hamna kamba mbili, subirini. Askari wa langoni wanajua matrekta na magari yaliyo karibu, na ndiyo sababu ya kuwaachia namba ya gari na muda mnaotarajia kushuka.

Likibingirika, zima ufunguo, tazama watu kwanza. Asiyeweza kusogeza miguu au anayelalamikia shingo asiinuliwe isipokuwa kuna moto. Pigeni 112 au 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mtandao unakatika msituni, kwa hiyo mmoja atembee hadi kwenye uwazi akiwa ameandika mahali mlipo, idadi ya watu na hali zao. Gari likirudishwa kwenye magurudumu msiliwashe. Oili huwa imepenya juu ya pistoni, na injini ikizungushwa hivyo fimbo za pistoni hupinda. Fundi atoe plagi kwanza, au nozeli kama ni dizeli, azungushe kwa starta, oili itoke.

Dereva mwenyewe ni sehemu ya gari. Anayekwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, huamka kambi ya Shipton saa nane au saa tisa usiku, hufika kileleni alfajiri, na jioni yuko Old Moses akiwa ameshatembea mchana kutwa. Mtu huyo hafai kushika stia, sembuse kuendesha kilomita 200 na ushei hadi Nairobi usiku. Anayeumwa kichwa au kuyumba anapotembea ndiyo kabisa. Lipeni dereva aliyebaki chini, au laleni Nanyuki. Wanaotokea Chogoria wana sababu nyingine: lami ikianza wanapumua, wanaachia gari, na muda si mrefu wanateremkia daraja la Nithi, pale ambapo Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia mtoni na kuua watu zaidi ya 30. Breki zilizotoka msituni zikiwa moto hazifai kupelekwa pale. Simameni Chogoria mjini, mle, mnywe chai, mjaze upepo, kisha muuanze mteremko ule kwenye gia ya tatu.

Nairobi, kabla ya kupeleka gari kazini, rudisheni habu FREE na muoshe chini kwa presha, hasa ndani ya rimu, kwa sababu tope lililokaukia upande mmoja hutikisa stia kwenye kasi ya barabara kuu. Nati za magurudumu zikazwe tena. Fungua dramu za nyuma, pangusa mchanga. Legeza nati ya chini ya difu zote mbili uache matone machache yatoke kwenye kitambaa: oili ikiwa nyeupe nyeupe, maji yaliingia mlipovuka mito, na inabidi imwagwe yote siku hiyohiyo kabla beringi hazijaanza kupata kutu.